Deni la Maji: Juu ya Habari za Safari ya Baisikeli katika Nchi ya Shinyanga na Geita

Habari za safari ni miongoni mwa maandishi ya mwanzo ya nathari ya Kiswahili, na hata hivyo ni miongoni mwa yale yaliyohakikiwa kwa uchache mno. Utenzi una wahariri wake, shairi lina wajuzi wake wa vina na mizani, na riwaya imepata wasomi wengi wa kuichambua. Safari imeachwa kuwa ghala la watu wengine. Mwanahistoria huingia humo kuchukua tarehe na majina ya watawala, na mwanaisimu huingia kuchukua maneno. Lakini ni nadra mtu kuuliza kama habari yenyewe imesimuliwa vizuri au vibaya, na kwa kipimo gani.

Upungufu huu hudhihirika zaidi tukiitazama aina moja ya safari iliyozaliwa pamoja na gurudumu: safari ya siku nyingi kwa baisikeli, juani, katika nchi ya mbali na miji mikubwa. Safari ya namna hii ina watu wake, ina vitabu vyake katika lugha za Ulaya, na ina mazoea yake ya kusimulia. Makala haya yanakusudia kuyapima mazoea hayo kwa nchi moja, nayo ni nchi ya Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita, kusini ya Ziwa Viktoria.

Kwanza nchi yenyewe. Mtu anayetoka Shinyanga kwa baisikeli, akapita Tinde na Kahama, akageuka kaskazini kwa njia ya Kakola hadi Geita, kisha akashika njia ya Sengerema mpaka Busisi penye maji ya ziwa, amekwenda zaidi ya kilomita 300. Tangu Mei hadi Oktoba mvua ni ya kubahatisha au haipo kabisa. Mbuga za udongo mweusi, ambazo masika hushika magurudumu kama gundi, wakati huo hupasuka nyufa na kuwa ngumu kama tofali. Kivuli ni cha mbuyu hapa na mgunga pale, na cha majabali yaliyorundikana kana kwamba yamepangwa kwa mikono. Mbigili hutambaa kando ya njia, na mwiba wake mdogo huchoma tairi kuliko msumari. Msafiri mwenye busara huondoka alfajiri, hupumzika saa sita mchana, na huendelea jua likiisha kupinda. Siku nne au tano za mwendo huo hutosha kumfundisha mtu yeyote thamani ya kikombe cha maji.

Ndipo linapoanza swali la mhakiki. Nchi hii, ikiandikwa na mpanda baisikeli, huandikwaje? Kanuni iliyozoeleka katika maandishi ya aina hii, iwe ni juu ya Afrika, Asia au majangwa ya Australia, hujulikana upesi. Kuna mtu mmoja na mashine yake. Kuna adui, naye ni jua. Ana wasaidizi wake, nao ni upepo wa mbele, mchanga na pancha. Kuna nchi tupu, na utupu wake ndio unaompa mtu yule ushujaa wake, kwa maana hakuna ushujaa wa kupita mahali penye watu wengi. Watoto hutokea kando ya njia na kupiga kelele, kisha hutoweka. Mwenyeji mmoja mwenye tabasamu humpa msafiri maji au mahali pa kulala, naye hana jina. Mwisho msafiri hufika, na kilichofikiwa si mji bali ni nafsi yake mwenyewe iliyo imara zaidi kuliko ilivyokuwa.

Si haki kusema kwamba kila kitabu kimefuata kanuni hiyo. Dervla Murphy, mwanamke wa Ireland aliyekwisha kwenda kwa baisikeli kutoka kwao hadi Bara Hindi mwaka 1963, alisafiri vivyo hivyo mwaka 1992 kutoka Kenya hadi Zimbabwe, na kitabu alichokitoa mwaka uliofuata alikiita kwa neno la Kiswahili, Ukimwi. Jina hilo lilikuwa ni uamuzi wa kiuandishi. Lilimwambia msomaji kwamba jambo kuu la njia si miguu ya mwandishi wala tairi zake, bali ni msiba uliokuwa ukisemwa na watu aliokutana nao. Kwa hiyo baisikeli haimlazimishi mtu kuandika habari ya peke yake. Kinyume chake, mwendo wake ni wa polepole kiasi cha kusalimiana na wa haraka kiasi cha kuona mengi. Mwenye gari hupita salamu, na mwenye baisikeli huipokea. Kosa likitokea, ni la kalamu.

Tena kosa hilo halikuanza na baisikeli, wala halikuwa la lazima kwa mgeni. Mwaka 1858 John Hanning Speke alimwacha mwenzake Burton mgonjwa Kazeh, karibu na Tabora ya leo, akaenda kaskazini pamoja na Sidi Mubarak Bombay. Aliondoka tarehe 9 Julai, naye akaliona ziwa kutoka pande za Mwanza tarehe 3 Agosti. Njia yake ilipita katika nchi hizi hizi za Shinyanga, katika msimu huu huu wa kiangazi, na macho yake yalikuwa yakimwuma. Dharau ya Speke juu ya wenyeji haifichiki, na sifa aliyoitafuta ilikuwa ya kwake na ya taifa lake. Hata hivyo katika kurasa zake nchi si tupu. Mna vijiji siku baada ya siku, mna mifugo, mna pamba, na mna mtawala mwanamke, Ungugu wa Unyambewa, aliyemkagua mgeni kwa makini yale yale ambayo mgeni alimkagua yeye. Miaka kumi na saba baadaye Stanley alivuka Usukuma mpaka Kageyi kando ya ziwa, na mashua yake, Lady Alice, ikiwa imebebwa vipande vipande na wapagazi. Yeye naye aliona nchi ya watu. Inashangaza basi kwamba waliopita kwa miguu na bunduki katika karne ya kumi na tisa waliandika majina ya vijiji ambavyo mpita njia wa leo, mwenye ramani mfukoni, huweza kuviita pori.

Na huo unaoitwa utupu, pale unapoonekana kweli, nao una historia yake. Nyanda zilizo wazi za Shinyanga hazikuumbwa wazi zote. Katika miaka ya utawala wa Waingereza, Shinyanga ya Kale ilifanywa makao ya uchunguzi wa mbung'o chini ya Swynnerton, aliyekufa katika ajali ya ndege mwaka 1938, na vichaka vingi vilifyekwa kwa mikono ya wananchi walioitwa na watemi wao, ili mbung'o wakose maficho na ng'ombe wapate malisho. Pamba ikaja ikadai mashamba, ng'ombe wakaongezeka, kuni zikakatwa. Ikafika wakati Shinyanga ikasemwa kuwa inageuka jangwa. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mpango wa kuhifadhi ardhi uliojulikana kwa jina la HASHI, nao ulifaulu uliporudi kwa maarifa ya Wasukuma wenyewe, yaani ngitili: malisho yanayofungwa masika ili yaokoe mifugo wakati wa kiangazi. Kwa namna hiyo miti na majani yakarudi katika mamia ya maelfu ya hekta. Msafiri anayeandika kwamba alipita siku nzima bila kivuli amesema kweli. Lakini kivuli hicho kiliondolewa na watu, kwa sababu zinazojulikana, na pengine anapoketi kupumzika ameketi chini ya mti uliorudishwa na watu pia. Akilifanya jua kuwa adui asiye na chanzo, amekata nusu ya habari.

Kiswahili kingeweza kumwonya, maana kina desturi yake ya kusimulia safari. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha huko Göttingen mkusanyiko aliouita Safari za Wasuaheli, na ndani yake mna habari zilizotolewa na watu wa pwani wenyewe. Sleman bin Mwenye Tshande alieleza safari ya biashara ya bara. Selim bin Abakari alieleza safari iliyomfikisha hadi Urusi na Siberia. Katika miaka ile ile yakatoka maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, ambayo Halmashauri ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki iliyachapisha tena mwishoni mwa miaka ya 1950. Mtu akiyasoma maandishi hayo akitafuta maelezo marefu ya machweo ya jua, atachoka. Hayamo, au yamo kwa uchache. Kilichomo ni mapatano: hongo kiasi gani, kwa mtawala gani, kwa vitambaa vya namna gani; nani alikubali na nani alikataa; chakula kilipatikana wapi na kwa bei gani; siku ngapi za kukaa kungoja ruhusa. Nchi katika habari hizo hupimwa kwa wenyewe. Njia ni mfululizo wa milango, na kila mlango una bawabu wake mwenye jina.

Desturi hii isitukuzwe kupita haki yake. Misafara ile ilikwenda na bunduki, na mali yake haikuwa pembe tu. Watu walitekwa na kuuzwa, na msimulizi aghalabu hupita juu ya jambo hilo kama mtu apitaye juu ya gogo. Kuna kimya kingine pia, na hicho hukutana na kimya cha Speke na Stanley: mpagazi. Mwenye msafara ana jina, mtawala ana jina, lakini bega lililobeba pembe, kitambaa au kipande cha mashua ni hesabu tu, mia au mia mbili. Wanyamwezi na Wasukuma ndio waliobeba sehemu kubwa ya mizigo hiyo; nao walikuwa na habari zao za njia, ila walizitia katika nyimbo badala ya karatasi. Mwaka 2010 Frank Gunderson alitoa kitabu kikubwa cha nyimbo za kazi za Wasukuma, na za wapagazi zimo. Basi katika nchi hii safari ilikuwa na fasihi ya aina mbili: ile ya mwenye mzigo, iliyoandikwa, na ile ya mbeba mzigo, iliyoimbwa.

Tofauti hiyo ndiyo ufunguo wa jambo la baisikeli, kwa sababu baisikeli ilipoingia Usukuma iliingia upande wa mbeba mzigo. Fedha ya pamba iliinunua. Raleigh ya Uingereza, na baadaye Phoenix ya China, zikawa mali ya nyumba, zenye kuhesabiwa karibu na ng'ombe. Mbele ya miaka ya pikipiki, mtu wa Shinyanga alimpeleka mgonjwa zahanati kwa baisikeli, alimleta mke kwa baisikeli, na alikwenda mnadani kwa baisikeli. Mjini Shinyanga jina daladala, ambalo kwingine ni la basi dogo, lilipewa baisikeli ya kubeba abiria. Mwenye magunia ya mkaa hufunga keria kwa mpira wa tyubu kuukuu, huongeza fito ili mzigo usipinde, na penye mwinuko hushuka akasukuma, kifua chake kikiwa karibu kugusa usukani. Mwingine hubeba madumu ya maji, mwingine mchele, mwingine samaki kutoka ziwani. Katika maeneo ya wachimbaji wadogo wa Geita na Kahama, baisikeli ilibeba maji ya kunywa mpaka kwenye maduara, matimba ya kuzuia mwamba usianguke, na viroba vya mawe mpaka kwenye karasha. Hao wote ni wasafiri wa baisikeli wa nchi ya joto. Safari zao ni za siku nyingi, kwa kuwa hurudiwa kila wiki, mwaka hata mwaka.

Hapa ndipo panapopatikana kipimo. Habari ya safari katika nchi kavu na ipimwe kwa mambo mawili: maji na mzigo. Nani alimpa msafiri maji, na msafiri alikuwa amebeba nini? Hakuna mtu aliyevuka nchi hii kwa maji yake mwenyewe. Chupa mbili zilizofungwa kwenye baisikeli hutosha nusu siku. Baada ya hapo kila tone ni la kisima cha mtu, au la lambo lililochimbwa na kijiji, au la bomba. Na bomba nalo lina safari yake: tangu mwisho wa muongo wa kwanza wa karne hii, maji ya ziwa huvutwa kutoka Ihelele, wilaya ya Misungwi, hadi Shinyanga na Kahama. Aliyekunywa maji hayo ana deni. Mwandishi akisema nchi ilikuwa tupu ilhali aliivuka salama, ameficha deni lake, na mdeni anayeficha deni hana budi kuficha na mdai. Ndiyo sababu mwenyeji wa vitabu vile hana jina.

Mtu anaweza kupinga akasema kwamba kipimo hiki ni cha adabu njema wala si cha fasihi. Kwamba kitabu huweza kuwa kizuri hata kama mwandishi wake hakushukuru. Pingamizi hili lina uzito, na jibu lake lisitafutwe katika mahubiri bali katika ukurasa. Habari isiyo na watu haina mazungumzo. Isiyo na mazungumzo haina mgongano wa nia. Na isiyo na mgongano wa nia haina budi kurudia. Jua la siku ya kwanza ni kali, la siku ya pili ni kali zaidi, la siku ya tatu mwandishi ameishiwa na maneno ya ukali. Msomaji huchoka mapema kuliko mpanda baisikeli. Lakini mtie mtu wa kisimani, anayeuliza kwa nini mtu mzima mwenye afya anasafiri bila bidhaa, bila mgonjwa wa kumwona wala msiba wa kuhudhuria: papo hapo habari imepata nguvu, kwa kuwa swali hilo ni gumu na msafiri analazimika kulijibu. Kosa la adabu na kosa la sanaa yana mzizi mmoja.

Upande wa mzigo nao una faida kwa sanaa. Mtu asiyebeba kitu ila nguo zake huona njia kama umbali. Aliyebeba gunia huiona kama mfululizo wa maamuzi: wapi pana mteremko wa hatari kwa breki mbovu, wapi pana fundi mwenye solusheni na kiraka, wapi pana kizuizi cha ushuru, wapi upepo hugeuka jioni. Ujuzi wa namna hii ndio unaoipa nathari vitu vya kushika. Kanda ya ziwa ina mfano wa namna ujuzi huo unavyoweza kuandikwa. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza mwaka 1945, kwa Kikerewe, kitabu ambacho Waswahili walikipata mwaka 1980 kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Myombekere anakwenda ukweni kumrudisha mkewe, anatozwa pombe, naye anahangaika kuipata. Safari zake ni fupi, hazivuki bara; lakini kila hatua ina adabu yake: jinsi ya kubisha hodi, jinsi ya kukaribishwa, kinacholiwa, kinachosemwa wakati wa kuagana. Hakuna nchi tupu katika kitabu hicho. Kama Kitereza alipata umbo la kitabu kikubwa katika mwendo wa kijiji hadi kijiji, haiwezekani kusemwa kwamba kilomita 300 za Shinyanga hadi Busisi hazina la kuandikwa ila joto.

Pingamizi la pili ni hili: mbeba mkaa hasafiri kwa ajili ya kuandika, na maandishi huhitaji nafasi ambayo yeye hana. Ni kweli kwamba nafasi ni kitu adimu. Walakini Sleman bin Mwenye Tshande naye hakusafiri kwa ajili ya kuandika. Alisafiri kwa biashara, na habari ikapatikana kwa sababu palitokea mtu wa kuiomba na karatasi ya kuipokea. Aibu ya jambo lile ni kwamba mwombaji alikuwa mgeni na kitabu kikachapishwa Ujerumani. Fasihi ya mbeba mzigo haikukosa wasimulizi, ilikosa waombaji.

Lugha pia ina la kusema. Wasafiri wa pwani walipoandika hongo, mtama, kitambaa na tembe, walikuwa wakiandika kwa maneno ya kazi yao wenyewe. Mwandishi wa Kiswahili atakayesimulia njia ya Kakola leo ana keria, tyubu, spoku, kiraka, duara, matimba, karasha, lambo na ngitili; maneno mengine yamekuja kwa meli, mengine yametoka Kisukuma, na yote yanafahamika njiani. Ana salamu za mwangaluka asubuhi na mwadila mchana, ambazo humpa saa bila ya kutazama saa. Ana hata dira. Katika lugha za Wasukuma na Wanyamwezi, sukuma ni kaskazini na dakama ni kusini, na watu wakaitwa kwa upande walioko kutokana na msemaji. Jina lenyewe la Wasukuma limetokana na mtu aliyesimama mahali fulani akawataja jirani zake wa kaskazini. Nchi ambayo majina ya watu wake ni maelekezo ya njia haiwezi kuwa imeingojea baisikeli ya mgeni ili ivumbuliwe.

Katika ukanda wa dhahabu kipimo cha mzigo hugeuka kuwa kipimo cha ukweli. Mgodi mkubwa wa zamani wa Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi 1966. Mgodi mpya wa shimo la wazi ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000. Bulyanhulu wachimbaji wadogo waliondolewa mwaka 1996, na mgodi mkubwa ukafunguliwa mwaka 2001. Mpanda baisikeli hupita kando ya uzio na kuona vumbi, malori na taa za usiku. Akiandika vumbi tu, ameandika alichokiona na bado hakusema kweli, kwa kuwa uzio huo uliugawa ukanda mmoja katika mizigo miwili: mmoja hutoka kwa ndege na magari yenye ulinzi, mwingine hutoka katika kiroba juu ya keria. Msafiri wa baisikeli, kwa chombo anachotumia, yuko upande wa kiroba hata kama hakujua. Wasafiri wengine wote hupita jambo hili kwa mwendo wa haraka. Yeye peke yake hulifikia kwa mwendo wa mbeba kiroba, akashindana naye penye mwinuko ule ule na kuketi naye chini ya mti ule ule. Hiyo ndiyo haki ya pekee ya baisikeli katika fasihi ya safari, na kuipoteza kwa kusifu misuli ya miguu ni hasara.

Hasara hiyo sasa ina muda wake. Pikipiki zimekwisha kuichukua kazi nyingi ya baisikeli, na daladala za magurudumu mawili zimepungua barabarani. Lami imesogea, na mahali palipokuwa mwendo wa siku moja pamekuwa mwendo wa saa moja. Kati ya Kigongo na Busisi, ambako wasafiri walikuwa wakingoja kivuko na katika kungoja wakiulizana habari, daraja la kilomita tatu lilifunguliwa mwaka 2025. Hakuna mwenye akili atakayelilia kivuko, wala kumtamania mtu mwingine gunia la mkaa kifuani. Mgonjwa anayefika hospitali kwa dakika chache ni bora kuliko kurasa nyingi nzuri. Lakini watu waliobeba kwa baisikeli pamba, maji, wagonjwa na mawe ya dhahabu wanazeeka. Wanajua kila kisima cha njia zao, na mwenye kisima, na mwaka kisima kilipokauka. Ujuzi huo haumo katika vitabu vya wapanda baisikeli waliopita, na hautakuwamo katika vitabu vya watakaopita, wasipoulizwa wao.

Kwa hiyo mhakiki wa habari za safari ana kazi mbili. Ya kwanza ni kukataa kulisifu kila andiko la jua na uvumilivu kwa sababu tu mwandishi alichoka kweli. Uchovu ni wa mwili, na kitabu hakiupati kwa kuutaja. Ya pili ni kuomba kile ambacho hakijaandikwa. Vyuo vilivyowahi kutuma wanafunzi vijijini kukusanya vitendawili na tenzi vinaweza kuwatuma Tinde, Kakola na Nyang'hwale kukusanya habari za njia, zisimuliwe kwa Kisukuma au kwa Kiswahili kwa hiari ya msimulizi, na zichapishwe zikiwa na jina lake. Wasimulizi wasiombwe kueleza ushujaa wao. Waulizwe walibeba nini, walilala wapi, walilipa nini, na nani aliwapa maji. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika habari za safari zilizokwisha kuandikwa juu ya nchi hii, mgeni amekuja mara nyingi. Mwenyeji bado anangoja kuandikwa.